Chupa ya Kuku Mwekundu

Mume wa dada yangu mtaa mzima unamwita Fuko, na wala si kwa kumtukana. Mtu anayemaliza uzee wake akifukua majalala ya watu waliokwisha kufa, utamwita nani, Tai? Mimi namwita shemeji kwa heshima, ila nikipandwa na hasira Fuko linanitoka lenyewe, naye huitika.

Kazi yake ilikuwa ufundi bomba. Alilaza mabomba ya maji ardhini tangu ujana mpaka mgongo ukagoma, na ni huko mitaroni alikoupata ugonjwa wa chupa. Wenzake wakikutana na chupa ya zamani waliitupa kando kwa koleo. Yeye aliifuta kwa shati, akaitia kwenye mfuko wa chakula, akaja nayo nyumbani. Chupa za wino, chupa za dawa ya kikohozi, chupa za soda za kale zenye gololi shingoni, makopo ya poda, vifungo vya mfupa, kichwa cha mwanasesere kisicho na macho. Alipostaafu tukasema sasa atatulia. Thubutu! Ndiyo kwanza akapata nafasi.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "nyumba hii ina madirisha, lakini kwa chupa zako mwanga unapita kwa kubisha hodi."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Wewe huinami. Wewe unajizika."

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Siku hizo dada alikuwa bado anacheka.

Zamani, kabla ya magari ya taka, kila nyumba ilikuwa na shimo lake la taka uani, na hayo mashimo ndiyo shemeji anayoyatafuta. Ana nondo ndefu aliyoichonga ncha. Anaichoma ardhini kwa mikono miwili, anasikiliza kwa viganja. Udongo ambao haujawahi kuguswa unaikataa, lakini penye shimo la kale nondo inazama bila ubishi. Akikutana na majivu uso unamnawiri, maana chupa hukaa chini ya majivu. Na kila kinachotoka shimoni hakiangaliwi mara mbili. Kinaingia kwenye ndoo ya maji ya magadi na kulala humo, asubuhi kinatiwa mchanga na siki, kinatikiswa, kinasuguliwa kwa brashi mpaka king'ae. "Udongo si wangu," husema, "changu ni chupa." Hajawahi kuleta chupa ndani ya nyumba ikiwa na doa.

Ugonjwa wa dada ulianza na chumvi. Akaitia mara mbili, tukacheka. Akaitia kwenye chai, hatukucheka. Baadaye akapotea njia ya kwenda dukani, duka ambalo ukikohoa mlangoni kwetu mwenye duka anakwambia pole. Daktari alituambia kwa upole kwamba hakuna dawa, ni kumtunza tu. Nikahamia kwao na cherehani yangu, nikaiweka barazani, nikawa nashona huku jicho moja liko kwa dada. Wanawe wako mbali. Wakipiga simu wanasema "mama, mama," naye anawajibu kwa adabu kama anaongea na karani wa posta.

Mwishowe akamsahau na mumewe.

"Yule mzee ni nani?" akaninong'oneza. "Mbona analala chumbani kwangu?"

"Dada! Si mumeo huyo?"

"Mume wangu kijana," akasema. "Yuko kazini."

Kunong'ona kwake kulikuwa kwa sauti kubwa, shemeji alikuwa anasikia. Akachukua nondo yake akatoka. Jamani, roho iliniuma, nikashona suruali ya mteja miguu yote miwili ya kushoto.

Halafu likaja jambo la kuku. Dada alianza kuuliza, asubuhi, mchana, katikati ya kula: "Kuku wangu yuko wapi?" Ukimjibu hana kuku, analia. Shemeji, kwa kuwa hakuna asilolifanya kwa ajili ya mkewe, akaenda kununua kuku, tena mwekundu, mnene, akamweka miguuni pake. Kuku akapiga ukelele, akaruka juu ya cherehani, akamwaga pini zangu zote. Dada akamkagua toka kishungi hadi kucha.

"Huyu ana kelele. Wangu hana kelele."

Nikaokota pini siku nzima. Kuku tukamla, na dada akala vizuri, kisha akafuta mdomo na kuuliza kuku wake yuko wapi.

Shemeji alikuwa ananawa mikono. Akaacha maji yakimwagika.

"Shemeji," akaniambia, "anauliza kuku wa chupa."

Hapo ndipo na mimi nikakumbuka. Walipooana, dada alikuwa mfagiaji wa zahanati. Alileta nyumbani chupa tupu ya dawa, ya buluu, akawa ananunulia mafuta ya kupikia. Sasa majirani wote walikuwa na chupa hizo hizo, kila siku ugomvi, hii yangu, hiyo yako. Zahanati ilipopakwa rangi mlango, dada akaomba iliyobaki chini ya kopo, akachora kuku mwekundu kwenye chupa yake ili ijulikane. Alijua mambo mengi dada yangu, kuchora hapana. Shemeji aliporudi kutoka kazini, bado bwana harusi, akaishika chupa akaigeuza huku na huku. "Mke wangu," akasema, "hili birika linatembea kwenda wapi?" Dada alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaiangalia mwenyewe, akacheka hadi akakaa chini. Tangu hapo nyumbani mwao mafuta hayakuitwa mafuta. "Nipe kuku nikaange." Na wakigombana, awaye yote atakayetaja birika kwanza, ugomvi umekwisha. Baadaye chupa ikameguka mdomo, dada akaitupa kwenye shimo la taka uani, wakahama, maisha yakaenda.

"Akimwona kuku wake," shemeji akasema, "atamkumbuka aliyemcheka. Hata kwa saa moja. Aniite jina langu mara moja tu, shemeji, basi, sitaki kingine."

Nilitaka kumwambia asijipe matumaini. Nikashindwa, maana na mimi nilikuwa nimeshajipa.

Nyumba yao ya kwanza ilibomolewa zamani, pale sasa ni gereji ya malori. Siku ya kwanza nilimsindikiza, jirani akakaa na dada. Mwenye gereji alitoka chini ya lori amejaa grisi mpaka masikioni.

"Unatafuta nini, mzee, dhahabu?"

"Chupa."

"Ya pombe?"

"Ya kuku."

Yule bwana alinitazama mimi, nikatazama chini. Akamruhusu achimbe nyuma ya rundo la matairi, mradi afukie mashimo yake, lori lisije likaingiza mguu. Na shemeji alichimba, wiki baada ya wiki, kwa mgongo ule ule uliogoma. Ardhi ilikuwa imelewa oili, nondo inateleza. Jioni anarudi amejikunja, nampaka dawa ya kuchua huku namfokea. "Sikio la kufa!" namwambia. "Utakufa huko, na mimi nitabaki na wagonjwa wawili, mmoja hajui jina lake na mwingine maiti!" Anajibu, "Paka hapo chini kidogo." Tuligundua kitu kimoja cha kukatisha tamaa: lile shimo lilijaa chupa za buluu. Zahanati ilimpa kila mtu za aina ile, na kila mtu alizitupa. Akawa anazileta kwa ndoo, zote zimevaa koti la udongo mgumu na chokaa.

Alizifanya alivyozifanya siku zote. Hakuziangalia mara mbili. Alizitumbukiza kwenye maji ya magadi, akaenda kulala. Wewe unayesoma huenda umeshaliona kosa, na mimi pia nililiona, ila baadaye. Mkono uliofanya jambo maisha yote haumwombi mtu ushauri. Uchafu kwake ulikuwa uchafu.

Asubuhi aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, mkononi ana chupa ya buluu inayong'aa kama imetoka dukani jana, mdomo umemeguka. Brashi ilikuwa na wekundu. Juu ya maji vilielea vipande vyekundu, vidogo, kama maganda ya pilipili.

"Nilidhani ni kutu," akasema. "Kulikuwa na bati karibu. Nikadhani kutu."

Magadi yanatoa rangi ya mafuta, fundi yeyote wa rangi anajua, na yeye anajua. Maneno makali yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikayameza. Akachukua kipande changu cha bitana, akachuja yale maji, akayaanika yale maganda juu ya gazeti kivulini, akayafunika yasipeperuke. Mchana akaja na gundi. Kila alipogusa ganda, liligeuka unga. Nikamwambia, "Pole, shemeji." Niseme nini tena? Aliendelea kugusa.

Tulimpelekea dada chupa hivyo hivyo. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Chupa safi," akasema. "Ya nani?"

"Yako," shemeji akasema.

"Asante, mzee." Akaiweka kando. "Kuku wangu yuko wapi?"

Basi shemeji akanunua rangi nyekundu, akakaa barazani, akachora kuku upya. Akatoka kuku. Ana mkia, ana kishungi, ana miguu inayojua inakokwenda. Akamfuta, akajaribu kukosea. Kuku tena. Nikamnyang'anya, nikachora mimi, nikatoa kuku wa kupeleka mnadani. Kumbe kuchora vibaya namna ya dada nacho ni kipaji, na hakuna aliyetuachia sisi. Wala hatukukubaliana yule wa zamani alitazama upande gani. Mimi nilisema kushoto, yeye akasema alitutazama.

Dada aliangalia kazi yetu. "Kuku mzuri," akasema. "Siyo wangu."

Shemeji akampa brashi. Akamwambia, taratibu, kama mtu anayemwomba mtoto asidondoshe kikombe, "Basi mchore wewe, mke wangu. Mchore utakavyo." Dada akaishika brashi, akaigeuza, akatafakari ni ya kazi gani. Kisha akaipeleka kichwani akaanza kuchana nywele. Nywele zake nyeupe zikawa nyekundu mpaka sikioni. Shemeji alisimama akaelekea uani. Nilimwosha dada kichwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, naye alilalamika nimemwumiza.

Hakwenda tena gereji. Kila dada alipouliza, alimjibu, "Nitamtafuta." Lilikuwa linamchoma lile swali, niliona. Mwishowe nikawa naomba dada asahau na hilo, apumzike, tupumzike sote.

Likasahaulika kweli. Siku moja hakuuliza. Kesho yake hakuuliza. Nikadhani shemeji atashusha pumzi. Badala yake akahamishia kigoda chake karibu na kiti cha dada, akawa anakaa hapo tangu chai ya asubuhi, hafanyi lolote, anamwangalia mdomo tu. Mwisho akashindwa.

"Leo hujauliza kuku," akasema.

Dada akamgeukia. "Kuku gani, mzee?"

"Mwekundu. Kama birika."

Dada alifikiri. Alifikiri kwa bidii kabisa, kwa kuwa hapendi kumwangusha mgeni, na shemeji akainuka nusu kutoka kigodani.

"Mimi sifugi kuku," dada akasema. Akanigeukia. "Mpe mzee wa watu chai anywe, asije akachelewa kwao."

Nikammiminia. Shemeji akainywa yote, akamshukuru mwenye nyumba, akaaga. Dada akamwambia awasalimie mke na watoto. Akasema zimefika, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama pale nje ya nyumba yake mwenyewe.