Macho Mekundu ya Picha Ile

Mjukuu wangu aliitafuta ile picha ya sinema kwenye kompyuta yake, akaniita. "Babu, si ndiyo hii uliyosema ilikutoa jasho ujanani? Njoo uione." Sikutaka. Nilikuwa nimeichukia zaidi ya nusu ya maisha yangu, na sababu yake sikuwahi kumwambia mtu wa nyumba hii. Lakini mjukuu akikusihi utafanyaje. Nikavuta kiti.

Niliiona mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya sitini, Shinyanga mjini, kwenye sinema ya familia ya Wahindi waliokuwa pia na duka la vitambaa mtaa wa pili. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, Kiingereza cha kuungaunga. Katika picha hiyo Wazungu wamekwenda kuchimba madini kwenye nyota ya mbali, wakafukua kitu kisicho na umbo. Kitu hicho kinamwingia mtu, kinavaa sura yake na sauti yake. Mke anampakulia mumewe chakula, kumbe aliyekaa mezani si mumewe. Aliyeingiwa hutambulika kwa macho tu. Nusu ya maneno sikuyaelewa, lakini usiku ule sikuizima taa.

Shule zilipofungwa nikaenda nyumbani, upande wa Kharumwa. Ulikuwa msimu wa pamba. Uani kwetu watu walikaa kuyazunguka marundo wakichambua, safi huku, fafi, ile chafu, kule, kwa sababu fafi kidogo tu yenye madoa ikichanganyika, mnunuzi anaukataa mzigo mzima. Kazi ile inachosha, na mwenye hadithi hupewa nafasi. Basi nikawasimulia picha yangu kwa Kisukuma. Nikaona mikono inasimama mmoja mmoja. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi migodini akatikisa kichwa, akasema chini kule kuna vitu. Kijana wa miaka ishirini na miwili, wazee wanakusikiliza wewe! Nikazidi kutia chumvi.

"Macho yanakuwaje?" jirani yetu akauliza.

"Mekundu," nikasema. Kisha nikamnyooshea kidole bibi yangu, mama yake baba, aliyekaa mbele yangu na ungo wake. "Kama ya bibi pale."

Watu wakacheka. Bibi akacheka kuliko wote, akanirushia ganda la pamba. "Ng'wana wane, mwanangu, nitaanza kukuingia wewe, maana umenona kwa mshahara wa serikali."

Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Kwetu miti ilikwisha zamani, watu wakapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ulimla macho tangu alipoolewa. Nani asiyejua hilo? Wanawake wa umri wake wengi walikuwa hivyo hivyo.

Watoto wakaifanya mchezo. Wanashikana vichwa, wanachunguzana macho, kisha wanakimbizana. Siku moja niliwakuta wamemzunguka bibi jikoni, naye anawafukuza kwa mwiko huku anacheka. Ningeweza kuwakataza. Nilisimama pale nikijisikia fahari, mjinga mimi.

Wiki ya tatu surua ikaingia kijijini. Jirani yetu yule aliyeuliza habari za macho akazika watoto wawili, mmoja Jumatatu, mwingine Ijumaa. Baada ya matanga akanijia asubuhi nikiziba pancha ya baiskeli. Alikuwa rika la baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mwalimu." Akachuchumaa karibu na gurudumu, akalizungusha kwa kidole. "Ile picha uliyoiona. Kamera inaweza kupiga kitu ambacho hakipo?"

Nilijua anauliza nini. Nasema wazi leo, nilijua. Ningeweza kumwambia kwamba wale ni watu wanaoigiza. Lakini mimi mwenyewe sikujua vizuri zile picha zinatengenezwaje, na kusema sijui mbele ya mtu anayeniita Mwalimu niliona aibu.

"Kamera inapiga kilicho mbele yake, baba," nikasema. "Na mimi nimekiona kwa macho yangu."

Akashukuru, akaondoka.

Nilirudi mjini Jumapili. Alhamisi nikaletewa habari. Bibi alikutwa kwenye matuta ya viazi, amekatwa mapanga, jembe lake kando. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, hakuna aliyekamatwa. Baba hakuniuliza lolote mpaka anaingia kaburini, na kimya chake nilikielewa. Mimi nikailaumu picha. Wazungu na upuuzi wao, nilisema moyoni, wametuletea macho mekundu mpaka kijijini kwetu. Lawama hiyo ndiyo iliyoniwezesha kula na kulala miaka yote hii.

Sasa tunaitazama, mimi na mjukuu. Nyota ni maboksi yaliyopakwa rangi. Kitu chenyewe ni mpira, na uzi unaokivuta unaonekana. Mjukuu anacheka mpaka anashika mbavu. Ni pale tu mke anapompakulia mumewe chakula ndipo aliponyamaza, akanisogelea. Pale bado panatisha.

Kisha yakaja macho. Nilikuwa nayasubiri, mikono nimeikaza magotini. Yakasogea, yakajaza kioo chote. Yaling'aa tu, meupe.

"Rudisha nyuma," nikamwambia. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena.

"Unatafuta nini, Babu?"

"Yalikuwa mekundu."

"Yatakuwaje mekundu, Babu? Picha yote ni nyeusi na nyeupe. Haina rangi hata moja."

Nikaomba aizime. Wekundu ule haukutoka kwa Wazungu. Niliutoa uani kwetu, usoni mwa bibi, ili watu waache kuchambua pamba wanisikilize mimi.