Siku Bahari Ilipokuja Kula Pilau Yetu

Kila lori la mkaa linapopita hapa Mkuza, ambako nimepanga chumba kwa sasa, huwa nasimama kidogo nivute hewa. Wenzangu wanaziba pua. Mimi naitafuta harufu nyingine, ya iliki na mafuta ya nywele, ambayo nina hakika imejificha ndani ya ile ya mkaa. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya Idd.

Nilikuwa sijafikisha miaka kumi, nikiishi Gwata kwa babu na bibi. Mwaka ule ukoo mzima uliamua kwenda Dar es Salaam kutembea siku ya Idd pili. Usafiri ulikuwa lori la Mzee Pazi, kaka yake Bibi, ambalo siku zote lilibeba mkaa. Wanaume walilifagia, wakalimwagia maji, wakatandika maturubai na juu yake mikeka. Haikusaidia kitu. Tulipofika Mlandizi kila nguo nyeupe ilikuwa na muhuri mweusi wa makalio, na shangazi yangu alikuwa anakung'uta watoto kama anayewachapa.

Mimi sikujali gauni. Nilikuwa nakwenda kuiona bandari ya Babu.

Babu alikuwa na hadithi moja kubwa maishani. Akiwa kijana, kabla hajaoa, aliondoka Gwata akaenda kufanya kazi ya kupakua mizigo bandarini, ndani kabisa ya tumbo la meli. Alitusimulia jioni tukipukuchua mahindi: meli ndefu kuliko kijiji, winchi inayonyanyua gari kama kuku anavyodonoa mdudu, mabaharia wanaosalimiana kama wanaogombana. Nilimeza kila neno. Nadhani hata hii miguu yangu isiyotulia, iliyonitoa shule kabla ya wakati na kunizungusha Kisarawe mpaka Tanga, ilianza kuwasha pale.

Tatizo ni kwamba watu wazima hawakumwamini. Mzee Pazi, aliyekuwa shemeji na mtani wake, alisema Babu aliishia Kisarawe tu, akapalilia mikorosho ya watu kisha akarudi na kofia mpya na maneno mengi. Asubuhi ile, kabla ya kuwasha lori, alitangaza mbele ya wote:

"Leo ndiyo leo, shemeji. Bahari yenyewe itatoa ushahidi."

"Itatoa," Babu akajibu. "Wewe shika usukani."

"Mume wangu, bahari inaongea?" nikamuuliza. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, ndivyo utani ulivyo, na Bibi naye aliniita mke mwenza.

"Inaongea sana. Ila haina subira na maswali kama yako."

Lori liliingia kwenye pantoni, tukaanza kuvuka kwenda Kigamboni. Sijawahi kushangaa namna ile tena. Barabara ilikuwa inatembea na sisi tumesimama. Babu alishika ubavu wa lori, akatazama meli zilizotia nanga upande wa bandarini.

"Ile iliyozama mpaka shingoni imeshiba," alisema. "Ile nyekundu imeinua tumbo, haina kitu."

"Hilo hata kuku angelijua," Mzee Pazi akadakia kutoka dirishani.

Babu aliendelea kuzitazama zile meli, kama mtu aliyepita mbele ya nyumba aliyowahi kupanga. Niliuona uso huo, ila sikujua wa kuulinganisha nao.

Tulipofika ufukweni, maji yalikuwa mbali sana. Familia za mjini zilikuwa zimebanana juu kabisa, chini ya mivinje, zimekalia mizizi. Chini yao kulikuwa na mchanga mpana, mtupu, ulionyooka kama umepigwa pasi.

"Haya, mzee wa bandari," alisema Mzee Pazi. "Tuchagulie mahali."

Babu aliwapita watu wote, akateremka, akateremka tena, akasimama katikati ya ule mchanga na kupiga mguu chini. "Hapa."

"Mbona mbali hivyo?" Bibi akauliza. "Wenzetu wote wako kule."

"Watu wa mjini hawajui raha. Hapa kuna upepo, kuna nafasi, na hakuna mtu wa kutuchungulia sufuria."

Tukatandika. Sufuria ya pilau, kubwa kiasi cha kuniogeshea mimi, ikawekwa katikati, mfuniko umefungwa kwa kanga. Mimi niliondoka kuchunguza. Mchanga ulikuwa na vishimo vingi, na kila kishimo kilikuwa na mwenyewe, kaa mdogo aliyetoka kunitazama na kurudi ndani. Kilichonisumbua ni kitu kingine.

"Mume wangu, mbona mchanga umelowa na mvua haijanyesha?"

Babu alifikiri. "Mchanga wa pwani unatoka jasho, mke wangu. Si unaona jua lenyewe?"

Nikaridhika. Lilikuwa jibu zuri kuliko mengi niliyopewa baadaye na walimu.

Bahari haikuja kwa kishindo. Ilikuja chini chini, nyembamba kama shuka linalovutwa juu ya mtu aliyelala. Ilichukua ndala zangu kwanza, ikaingia chini ya mkeka, na kabla shangazi hajamaliza kupiga kelele, sufuria ilikuwa imeinuka, imeyumba, imeanza safari.

"Pilau! Jamani, pilau inaondoka!"

Bibi alikunja kanga, akaingia majini mpaka kiunoni, akaikumbatia sufuria kama mtoto anayetaka kutoroka. Watu chini ya mivinje walisimama ili waone vizuri. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mama, hiyo usiiongeze chumvi!"

Tuliokoa tulichoweza, tukapanda juu tukiwa tumeloa, huku yale madoa ya mkaa yakitutiririka miguuni. Mzee Pazi alicheka mpaka akakaa chini.

"Ushahidi umetoka!" alisema akifuta machozi. "Mtu wa bandarini asiyejua kwamba maji yanakupwa na kujaa! Shemeji, sema ukweli leo hii. Ile ilikuwa bandari ya Kisarawe?"

Wote wakacheka. Babu alikuwa amesimama, suruali imemganda miguuni. Akafungua mdomo ili aseme. Lakini Bibi alimtangulia.

"Mwacheni mume wangu. Mimi ndiye niliyetaka kukaa kule chini, yeye alikataa. Haya, nani anakula?"

Nilijua si kweli, na wengine walijua pia, lakini Bibi akishaamua jambo hakuna wa kumbishia. Babu akafunga mdomo. Alimtazama mkewe kwa muda, kisha akapokea sahani. Tukala pilau iliyokuwa ikilia menoni kwa mchanga, na mimi niliona Bibi amefanya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kuona mtu akimfanyia mwenzake.

Baada ya siku ile Babu hakusimulia tena habari za meli. Nikimwomba, alisema, "Kamuulize mke mwenzako, yeye ndiye anayejua." Tulidhani ni aibu. Alifariki nikiwa tayari nazurura.

Miaka ilipita. Katika kuhangaika kwangu nilipata kijiwe cha kuuza wali na maharage karibu na geti la bandari. Mchana mmoja nikawasimulia wateja kisa cha pilau, ili tucheke. Walicheka wote isipokuwa mzee mmoja mpakuzi wa meli, mwenye bega moja lililoshuka.

"Babu yako alisema alifanya kazi sehemu gani?"

"Ndani ya meli, chini kabisa."

"Basi kama mimi. Unaingia kabla ya jua, unatoka limezama. Maji yakijaa, meli inapanda nayo. Mle ndani wewe unaona magunia tu. Ufukweni niende kufanya nini, na mgongo huu?" Akasukuma sahani yake. "Hata mimi ningetandika mkeka palepale, binti."

Wiki ile nilifunga kijiwe nikaenda Gwata. Bibi alikuwa anamenya muhogo. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza. Aliendelea kumenya, kisha kisu kikasimama.

"Alitaka kusema kitu siku ile," alisema. "Nilimuona. Nikadhani anakwenda kutunga uongo mwingine mbele ya watu, nikamfunika mapema." Akaweka muhogo chini. "Kumbe nilimfunika mtu ambaye hakuwa uchi."

Utotoni niliamini kwamba ukimpenda mtu unamfichia aibu yake, na bado naamini. Ila siku ile hakuna aliyesubiri kujua kama aibu ilikuwepo. Mdomo wa Babu ulikuwa umeshafunguka. Kilichobaki kilikuwa sisi tunyamaze.