Mimi ni daktari wa meno wa wanamaji, lakini mdomo wa baba yangu ulinishinda

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kisa hiki ni changu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, hata mimi nacheka.

Ni Mkurya wa Itiryo, Tarime. Kazi yangu ni daktari wa meno katika jeshi la wanamaji.

Najua mnachojiuliza. Wanamaji nao wanaumwa meno? Wanaumwa sana tu, na jino likianza katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Nimeng'oa magego meli ikiyumba, mimi nimejibana ukutani.

Baba wakati ananiaga alijua naenda kuendesha manowari. Aliposikia nang'oa meno, alibadili mada, tukaongelea ng'ombe. Iliniuma, sikatai.

Likizo iliyopita nikamkuta shavu limevimba, ugali haupiti. Gego la chini limeoza na uvimbe unashuka shingoni. Hapo si mchezo wakuu, mtu anaweza kukosa pumzi.

Sasa tatizo. Kwetu kati ya baba na mtoto wake wa kiume kuna heshima kubwa mno. Mimi nimtie baba vidole mdomoni? Akakataa katakata.

Nikasema basi twende kwa rafiki yangu mwenye kliniki pale Bomani, mjini Tarime. Akakataa pia!

"Watu waseme nina mtoto daktari na meno napeleka kwa wageni?"

Kwangu hataki, kwa wengine hataki. Nikamwanzishia antibayotiki, nikaazima vifaa na ganzi kwa yule rafiki, nikarudi kukaa navyo kama mchuuzi aliyekosa wateja.

Aliyetuokoa ni bibi, mama yake baba. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, yeye huniita mume wake. Alikuwa ameniagiza nije na uniform nyeupe tupige picha.

"Mume wangu, kavae nguo za serikali. Uso nao ufunike."

Nikavaa nyeupe yote, kofia, barakoa na glavu. Nilipotoka, bibi akamgeukia baba.

"Huyu si mwanao. Ni afande, katumwa. Utaikatalia serikali?"

Baba akanitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Karibu, afande." Akafungua mdomo.

Hakuna meli iliyowahi kunitetemesha vile. Lakini ganzi ilishika, na gego likatoka zima.

Baba akang'ata pamba. Kisha akasema kwa shida:

"Afande, huko jeshini ninaye mwanangu. Ukimwona mwambie kazi yake nimeiona. Ana mkono mwepesi."

"Nitamfikishia, mzee."

Nikaenda nyuma ya zizi kuvua barakoa. Ilikuwa imelowa machozi.

Nilichojifunza ni kwamba mzazi akikataa msaada, si lazima awe mkaidi. Pengine anatafuta namna ya kukubali bila kuvunja heshima yake. Ninyi mmewahi kumtibu au kumuuguza mzazi mkakwama hivi? Tiririkeni hapa.

Halafu jana baba kapiga simu. Jino lingine linacheza, anauliza afande anakuja lini.