Jina Lililotoka Jangwani

Binti yangu alipewa kazi ya shule ya kusimulia habari za mtu mashuhuri wa vita, akamchagua jenerali mmoja Mwingereza. Jumapili moja, jikoni kwetu Vårby gård, huku Sweden, alinitaka nimsikilize akijifunza kuisoma. Alisoma kwa Kiswidi safi kinachonipita mimi. Jenerali alishinda vita katika jangwa la Misri, mfalme akampa cheo cha Lord chenye jina la mahali pale pale, na alipokufa mwanawe akakirithi.

Niliacha kukata vitunguu.

"Na babu yangu je?" nikamwuliza.

Babu yangu alikuwa katika jangwa hilo hilo. Alichukuliwa kijijini, enzi za Tanganyika, akapelekwa kubeba masanduku ya risasi na kuwachimbia Waingereza mahandaki. Alirudi na koti zito la sufu ambalo kwetu halikuwa na kazi. Mfalme hakumpa cheo chochote. Wanakijiji ndio waliompa: walimwita Misri mpaka jina alilozaliwa nalo likasahaulika. Baba akalirithi, nami nikalirithi, likaingia kwenye pasipoti yangu na karatasi zangu zote za Sweden.

Hapa limenichosha. Kila ninapoanza kazi mpya, kuanzia Kista hadi Vällingby, naulizwa na Waarabu kama nimetoka Kairo. Binti yangu husemeshwa Kiarabu asichokijua. Ndiyo maana alipoleta fomu ya kubadili jina la ukoo, achukue la mama yake, niliitia saini nikiwa nimesimama mlangoni, hata koti sijavua. Nilichoka kuwaeleza watu. Yeye mwenyewe sikuwahi kumweleza mpaka Jumapili ile, pale jikoni.

"Var står det, baba?" aliuliza nilipomaliza. Imeandikwa wapi? Mwalimu anataka ushahidi wa maandishi.

Nikampigia kaka yangu Songea.

"Karatasi za mzee zililiwa na mchwa zamani, mdogo wangu," akasema. "Wewe ndiyo umezikumbuka leo?"

Nilimkasirikia kana kwamba mchwa aliwafuga yeye. Halafu nikakumbuka ile fomu. Nilimwuliza binti yangu iko wapi, akasema aliituma siku ile ile. Nikamwambia tuandike barua tuizuie.

"Lakini baba, si wewe ndiye uliyesaini?"

Nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Jibu la ofisi lilifika kabla ya kikao cha wazazi: ombi la kubadili jina limekubaliwa.

Siku ya kikao niliikuta kazi yake imebandikwa ukutani darasani. Juu kulikuwa na jenerali na cheo chake, mstari mzima. Chini kulikuwa na jina la mwanangu na jina la ukoo wa mama yake. Babu hakuwemo hata kwa neno moja. Nilikuwa bado naisoma pale mwalimu alipokuja na orodha yake. Nikamtajia jina langu; alilitafuta, hakuliona, akaniuliza kwa adabu mimi ni baba wa nani.