Usiku Mmoja, Bila Viti Nje

Mume wangu Shamte hapaki gari mahali bila kumsalimu mwenye mahali. Ndivyo alivyo, na nimemgombeza mpaka nimechoka. Mwaka 2003 alinunua gari la nyumba, yale marefu ya Wamarekani yenye kitanda, jiko na choo ndani, kutoka kwa mzee mmoja wa mji wa Katy ambaye macho yalikuwa yamemshinda kuendesha. Hakuniuliza. Alilileta mpaka mbele ya nyumba yetu Houston, akapiga honi, akashuka anacheka peke yake. Mimi nikaliita Jeneza, kwa urefu wake na weupe wake.

Alilinunua kwa ajili ya mamake. Bi Mwanabaraka, mavyaa wangu, alitoka Lamu kuja kukaa nasi, na hoteli hakuzitaka hata kuzisikia: choo cha nani sijui, shuka za nani sijui. Lakini kutembea alikupenda. Basi kila likizo tuko barabarani, tunapitia mji wa Euless kwa Nusra, mdogo wake Shamte, kisha tunaendelea mbele, na usiku ukitukuta tunalala kwenye maegesho ya maduka makubwa. Yako maduka yanayoruhusu, usiku mmoja, bure, ukiomba. Wengi hawaombi, wanaingia kimya na kuondoka alfajiri. Shamte, la. Lazima aingie ndani, amtafute meneja, amshike mkono, amuulize habari za kazi, za watoto, za joto, ndipo aeleze shida yake. Robo saa nzima, na mimi niko garini nimebanwa na usingizi.

Mwaka wa pili figo za Mama zikakataa kazi. Ikawa mara tatu kwa wiki anapelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwezi wa Septemba 2005 kikatangazwa kimbunga, watu wakaambiwa wahame Houston. Alhamisi kliniki yake haikufunguliwa. Wauguzi nao wana watoto, nao wanakimbia. Nusra alihangaika na simu kutwa mpaka akapata kliniki ya Irving, mji jirani na kwake, iliyokubali kumpokea Jumamosi, saa moja asubuhi. Mimi ni msaidizi wa wauguzi. Najua siku nne bila mashine zinamfanya nini mtu wa umri ule.

Tulitoka Alhamisi alfajiri na mji mzima ukatoka nasi. Kwa kawaida ni safari ya saa nne. Jua lilizama hatujaenda hata maili arobaini. Watu walikuwa wanazima magari na kuyasukuma kwa mikono ili waokoe mafuta. Vituo vya petroli vilikuwa vimefunika pampu zake kwa mifuko ya plastiki, mafuta yamekwisha. Ijumaa adhuhuri hatujafika hata nusu ya njia, na Shamte akaniambia kwa sauti ya chini, mamake asisikie, kwamba mafuta yaliyobaki yanatufikisha Irving iwapo barabara iko wazi. Tukikaa tena kwenye foleni injini inanguruma, tutazimika njiani. Redio ilisema usiku wa manane barabara itafunguka. Basi tukatoka barabara kuu, tukaingia kwenye mji mdogo wenye duka moja kubwa, tusubiri hapo.

Miguu ya Mama ilikuwa imevimba mpaka magotini. Nikiibonyeza kidole kinaacha shimo. Kulala chali hakuweza tena. Alikaa ameegemea mito, anavuta pumzi fupi fupi. Niliipigia simu hospitali ya mji ule, wakaniambia mashine hawana, na magari yao ya wagonjwa yako kwenye foleni ileile tuliyotoka.

Shamte akaenda kwa meneja. Alirudi na karatasi ya kuweka kwenye kioo na masharti aliyopewa: usiku mmoja, hakuna viti nje, hakuna turubai, hakuna kupika nje.

"Umemwambia tuna mgonjwa?" nikamuuliza.

Aliniangalia kana kwamba nimemvua mamake nguo hadharani. "Maradhi ya Mama nikayatangaze dukani?"

Kwetu mgonjwa husitiriwa. Nami nimelelewa hivyohivyo, nikanyamaza. Najuta mpaka leo.

Jenereta hatukuthubutu kuiwasha, inakula mafuta. Ndani kukawa tanuri. Mama akaomba hewa. Shamte akakunjua turubai la ubavuni mwa gari, akatandika mkeka chini yake, akamtoa mamake amemkumbatia. Nikamkumbusha masharti.

"Si kiti," akasema. "Ni mkeka."

"Na hilo juu ya kichwa chako ni nini?"

Nilikuwa nimekaanga sambusa sitini Jumatano kwa ajili ya safari. Tukazitoa, na chupa ya chai. Mama mwenyewe maji alikuwa anapimiwa, kikombe kidogo kwa siku, lakini aliketi pale kwa heshima zake zote kama yuko sebuleni kwake. Akapita baba mmoja wa Kimarekani amebeba mtoto, anatoka kutafuta maziwa dukani na hakuyapata. Mama akamwambia, "Karibu." Shamte akamfasiria.

Sasa, kwetu ukikutwa unakula unasema karibu, na anayepita anajibu ahsante, nimeshiba, akaenda zake hata kama ana njaa ya siku mbili. Kila mtu anajua sehemu yake. Yule baba hakuijua yake. Alikaa. Akamwita mkewe, naye akaja na mamake na watoto wawili. Gari la pili likaona, Mama akawaambia karibu, wakaja. Shamte uso wake ulikuwa unang'aa. Wakaja na viti vyao. Mmoja akawasha jiko la mkaa, achome soseji zake zisiharibike. Haikupita saa moja watu walikuwa kiasi cha thelathini, na walioingia kutoka barabarani wakadhani pale ndipo panapogawiwa msaada. Wakapanga foleni mlangoni petu. Mwanamke mmoja aliniuliza fomu anajaza wapi.

Mlinzi alikuja na tochi kabla giza halijaingia. Hakupiga kelele. Alisema meneja anataka uwanja uwe wazi, na gari lenye turubai, lililoanzisha yote haya, liondoke ndani ya nusu saa.

Nikatazama barabara kuu kule ng'ambo. Taa nyekundu zimesimama, hazisogei. Mshale wa mafuta niliujua uko wapi. Mama alikuwa amesharudishwa ndani na pumzi zake nilizisikia kutoka nje.

Nilimwambia Shamte, "Huo ukarimu wako utamzika mamako." Nililisema kwa sauti, na dirisha lilikuwa wazi. Mama alisikia. Alifumba macho. Mungu anisamehe.

Shamte alikuwa anakunja turubai. Alipomaliza akajifuta uso akasema, "Nakwenda kuaga."

Kuaga! Nusu saa tumepewa, yeye anakwenda kuaga. Nikamfuata kwa hasira, nimwone mtu anavyoaga anapofukuzwa.

Meneja alikuwa mama wa makamo, funguo kiunoni, macho mekundu kwa kutolala. Shamte akamshika mkono. Akamshukuru kwa mahali alipoturuhusu kuegesha. Akamwomba radhi kwa viti, kwa mkaa, kwa watu. Yule mama akasema sawa, safari njema, akageukia karatasi zake. Na Shamte naye akageuka kutoka. Hivyo tu. Anatoka.

"Nina mgonjwa," nikasema.

Nikaeleza yote. Miguu, Jumanne, Irving saa moja asubuhi, mshale wa mafuta, mashine ambayo mji mzima hauna. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Shamte alitazama sakafu.

Meneja aliniacha nimalize. "Kwa nini hamkuniambia mchana?"

Akazisukuma karatasi zake kando.

Akasema uwanja wa mbele hawezi kuturudisha, ameshawatoa wengine. Lakini tuzunguke nyuma, malori yanaposhusha mizigo. Alitufungulia mlango wa nyuma yeye mwenyewe, akavuta waya mrefu wa umeme mpaka kwenye dirisha letu, na feni ikaanza kuzunguka bila tone la mafuta. Kisha akapanda ngazi za gari kumwangalia mgonjwa. Mama akafungua macho. Zilikuwa zimebaki sambusa tatu kwenye sahani. Akazisogeza kwa kidole. "Karibu."

Shamte akafasiri. Meneja akaweka mkono kifuani. "Ahsante," akasema, "nimeshakula."

Mama alisubiri mpaka mgeni ameshuka. "Huyu amelelewa," akasema, na pumzi hazikumtosha kusema zaidi.

Sikulala. Nilikaa na mkono wangu mgongoni mwake, nausikia unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na mara mbili ulichelewa. Lile jina nililoliita gari nililikimbia hata moyoni. Saa nane na nusu Shamte alirudi kutoka kuangalia barabara, akasema magari yanakwenda. Akaukunja waya vizuri, akauweka mlangoni. Tukaondoka.

Tulifika Irving saa moja kasorobo, mshale umelala kwenye nyekundu. Nusra alikuwa amesimama nje na kiti cha magurudumu. Muuguzi alimtazama Mama mara moja tu, akatunyang'anya kiti, akaingia naye ndani mbio. Shamte alikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Nilikaa karibu yake. Sikumwomba msamaha siku ile, nilimshika tu mkono.

Mama aliishi miezi kumi na minne zaidi. Tulisafiri naye mara tano, na kila maegesho niliingia mimi kwanza. Sikuuliza habari za watoto wala za joto. Namwona meneja, nasema, "Nina mgonjwa," ndipo mengine yafuate. Shamte alikuja nyuma yangu na salamu zake, amechelewa.

Januari 2007, arobaini yake ilipopita, tulikuwa tunampelekea Nusra nguo na misahafu ya Mama. Mvua ikatuzidi njiani, tukaingia kwenye maegesho ya duka moja. Nikashuka, nikaenda ndani, nikamwona meneja, kijana mwenye tai. Nikafungua mdomo.

"Nina," nikasema.

Kijana akasubiri. Sikuwa na neno la kuendelea. Shamte akatokea nyuma yangu, amelowa, akamshika mkono yule kijana, akamuuliza habari za kazi. Akamuuliza habari za nyumbani. Akamuuliza habari za baridi na mvua. Nilisimama kando, nikamwacha azimalize zote.