Kibubu cha Mwinshehe bado hakijavunjwa

Saa moja asubuhi, Mafiga, Manispaa ya Morogoro. Mawingu yameshuka chini, na milima ya Uluguru imebaki miguu tu. Uani kwake Shamsia Mansuri amekalia kigoda, amebana kibubu, kisanduku cha mbao cha kuwekea akiba, katikati ya magoti. Umebaki ubao mmoja wa kukifunga, lakini hajaupigilia.

"Unaweka kwa ajili ya nini?" anamuuliza mteja wake.

Mteja ni Laurenti, dereva wa bodaboda wa Msamvu. Anaitazama pikipiki yake kama vile inaweza kumsaidia kujibu.

"Mama, si unipigilie tu? Hela ni hela."

"Hela haina kumbukumbu, mwanangu. Sema."

"Haya, andika leseni. Nimechoka kuwakimbia trafiki."

Shamsia anachomoa penseli ya seremala kwenye pindo la mtandio wake. Upande wa ndani wa ule ubao anaandika: Leseni ya Laurenti. Anapaka gundi, anaufunika, anapigilia misumari minane na kuzamisha vichwa vyake. Kuanzia hapo maandishi yale hayatasomwa na mtu mpaka nyundo ipite.

"Ukikivunja kabla ya wakati," anamwambia, "utakutana na jina lako."

Shamsia ana miaka arobaini na sita. Utaratibu huu si wake, aliurithi kwa marehemu mumewe, Mwinshehe, fundi seremala aliyekuwa akikusanya mabaki ya mbao kwenye karakana za mjini na kuyaleta nyumbani kutengeneza vibubu. Hakuna aliyeondoka na kibubu cha Mwinshehe bila kusema anaweka kwa ajili ya nini.

Watu walimcheka, kisha wakamzoea. Martina, muuza chai wa Msamvu, aliwahi kuvunja chake mapema ili akanunue kitenge cha harusi. Akakutana na maneno "Cherehani ya Jesca", na Jesca ni binti yake. Alirudi jioni ile ile na zile sarafu kwenye kanga, akaomba kibubu kingine.

"Aliniambia, shoga, mumeo amenivua nguo akiwa nyumbani kwake," Shamsia anakumbuka, akicheka taratibu.

Enzi hizo kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kupaka rangi. Nyundo hakuigusa. Miaka miwili iliyopita Mwinshehe aliugua wiki tatu, akafariki. Shamsia akaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Chumbani mlikuwa na vibubu sita ambavyo mumewe alikwisha kuviandika ndani, akawa hajavifunga.

"Nilikuwa navisoma kimoja kimoja. Mbuzi wa Salehe. Safari ya Mlali. Meno ya mama. Wenyewe wanasubiri, na mimi siwezi kutoka. Nikasema nyundo ipo, mikono ipo."

Alivifunga vyote sita. Alipoanza kutengeneza vya kwake kuanzia mwanzo, aliharibu. Alipima mdomo wa kibubu kwa vidole badala ya sarafu, akaukata mpana. Mlinzi mmoja wa jirani, Jonathan, alimrudishia chake baada ya wiki moja.

"Akasema, mama, kibubu chako kinatapika. Mtoto anakipindua tu, anakwenda kununua barafu. Nilitaka ardhi inimeze."

Tangu siku hiyo hukata mdomo akiwa na sarafu ya mia tano mkononi, haongezi hata upana wa unywele. Kwa wiki huuza vibubu kumi, vikizidi kumi na tano. Kidogo shilingi elfu tatu, kikubwa elfu tano. Karibu nusu hurudi kwenye mbao, gundi na misumari.

Kipo kimoja kisichouzwa. Ni cha mninga, na ndicho cha mwisho ambacho Mwinshehe alikipigilia kwa mkono wake kabla ya kuugua. Kilikuwa chao wawili. Shamsia alimuuliza ameandika nini ndani, akajibiwa, "Utasoma siku tukikivunja." Siku hiyo haikuwahi kufika. Kibubu kikakaa juu ya kabati.

Mwanzoni mwa masika haya Shamsia alirudi kutoka sokoni akakuta bati la chumbani limevuja. Maji yalikuwa yamedondokea kabati. Mbao za kibubu zilikuwa zimevimba, na kona moja ilikuwa imeachia, ufa wa upana wa kucha. Wifi yake Faraja, dada wa marehemu, alikuwa amefika siku hiyo kutoka Mlali na mkungu wa ndizi.

"Wifi, Mungu amekufungulia," Faraja alimwambia. "Leta simu tumulike."

"Siwezi."

"Hutaki kaka yangu aseme?"

"Atasema siku yake. Leo amelowa tu."

"Basi fumba macho, nisome mimi."

"Usome wewe? Utaninyima usingizi mpaka unisimulie. Nakujua."

Mwisho Faraja alikishika kile kibubu, na Shamsia akageuzia uso ukutani. Shamsia mwenyewe alipaka gundi kwenye ule ufa kwa kupapasa, akaibana kona kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akaviacha siku mbili. Faraja anaapa hakuchungulia. Shamsia anamwamini, kwa sababu wifi yake hajawahi kukaa na habari siku mbili bila kuisema.

Lakini fundi anaijua gundi. Mbao ile ikilowa tena, itafunguka yenyewe. Kwa sasa kibubu kimevishwa mifuko mitatu ya nailoni na kufichwa mvunguni.

"Nimemweka mvunguni kama ndoo," anasema.

Majirani wanamshangaa. Paa linavuja, na fedha anayo ndani ya mninga. Akivunje, anunue mabati, yaishe. Faraja naye alimwambia hivyo: "Wifi, unatunza mume au mbao?"

Shamsia amelifikiria swali hilo mara nyingi. Anakiri kwamba siku nyingine, mvua ikikazana, hukaa kitandani ameishika nyundo.

"Fedha si tatizo langu. Kile ni neno lake la mwisho, na likishasomwa limekwisha. Sitaki nilisome nikiwa na shida. Mtu mwenye shida husoma anachokitaka yeye. Ningesoma 'bati' hata kama ameandika kitu kingine."

Kwa hiyo amejitengenezea kibubu chake, cha mbao za mkongo, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Fundi paa amemhesabia mabati kumi na mawili, na bati moja ni sawa na bei ya vibubu vikubwa sita. Kabla ya kukifunga alijiuliza swali lile lile analowauliza wateja. Jibu lake lipo ndani, na halifichi: Bati kumi na mbili. Halafu nimsome Mwinshehe.

Laurenti, ambaye muda wote huu amesimama akisikiliza, anauliza kwa sauti ya chini, "Na kama hakuandika kitu, mama?"

"Ameandika. Hakuwahi kumpigilia mtu kibubu kitupu."

Kijana anamlipa, noti mbili za elfu mbili na sarafu mbili za mia tano, anafunga kibubu chake nyuma ya pikipiki na kuondoka. Matone ya kwanza yanaanguka uani. Shamsia anakusanya mbao, anaziingiza ndani, anainama kupapasa mvunguni. Nailoni ni kavu.

Kisha anakivuta kibubu cha mkongo na kudumbukiza sarafu moja ya mia tano.

"Mwanzoni ilikuwa ikigonga ubao," anasema. "Siku hizi inaangukia wenzake."