Ubeti wa Pili

Katika chumba cha kufulia cha hospitali hakuna anayesikia sauti ya mwenzake. Mashine zinanguruma kuanzia asubuhi, mvuke umetanda mpaka darini, na mtu akitaka kusema jambo sharti akusogelee akupigie kelele sikioni. Mama huyu amefanya kazi humo tangu kitinda mimba wake akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Anapiga pasi makoti ya madaktari: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mgongo mwisho. Msimamizi wake, kijana wa umri wa wanawe, humwita kwa kualisha vidole. Madaktari humpita koridoni na makoti aliyoyanyoosha yeye, na salamu hawampi. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, na akirudi nyumbani anataka kulala, hataki hadithi.

Sisemi haya ili umwonee huruma. Huruma yenyewe utaona mwishoni kama inakutoka au haikutoki. Nasema ili ujue kwamba mtu aliyenyamazishwa wiki nzima, ukimpa jukwaa siku moja, atapanda na viatu vyake vichafu.

Jukwaa lake lilikuwa uwanja wa shule, Jumamosi, chini ya turubai la wazazi. Binti yake alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete, na mama hakukosa mchezo hata mmoja. Pale hakuna aliyemwita kwa vidole. Pale aliitwa Kinanda, na jina hilo alipewa na mke wa mfamasia, mwenyekiti wa wazazi, mwanamke wa manukato mazito na miwani ya jua, ambaye siku za kawaida, mama huyu akienda dukani kwake, humhudumia bila kumwangalia usoni. Lakini Jumamosi mke wa mfamasia alimwekea kiti cha mstari wa mbele, ubavuni pake, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Kiti hicho alikipata kwa ulimi. Kinanda alikuwa na kipaji cha kutunga nyimbo za kuwakata maini watoto wa shule nyingine. Alizitunga kazini, pasi ikienda na kurudi, mle ambamo hakuna wa kumsikia. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Alimtazama mchezaji hatari wa upande wa pili, akamtafutia kasoro ya mwili, akamtungia ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili haukubadilika, ulikuwa mmoja kwa wote:

*Mwiteni mama yake, aje amchukue,*
*Vyombo vya nyumbani ndivyo avijue.*

Wa kwanza aliuanzisha mtu yeyote aliyewahi kuusikia. Wa pili ulikuwa wake. Turubai zima lilinyamaza, likamgeukia, likamngoja, naye akavuta pumzi, akaumwaga. Wenzake wakapokea kwa makofi. Yule mlinzi mwenye meno ya mbele yaliyotokeza aliimbiwa mpaka akawa anacheza na kiganja mdomoni. Yule mnene aliimbiwa mpaka akaomba kutoka, na alipokuwa anatoka wakamwimbia kwa kutoka. Wanawake wazima, wenye watoto wa kike nyumbani, walicheka mpaka wakapanguza machozi kwa ncha za vitambaa vya kichwa. Mwalimu wa michezo alijifanya anasoma saa yake.

Halafu akaja Mlingoti. Huyo alikuwa mlinzi wa shule ya ng'ambo ya mji, msichana mrefu kupita mwalimu wake, na katika mchezo wa mzunguko wa kwanza alianza kwa kumzuia binti wa Kinanda kila mpira. Kinanda hakuhitaji muda mrefu:

*Mlingoti mrefu, bendera hauna,*
*Mipira inapita, wewe waiona.*

Kisha ubeti wa pili. Na siku hiyo likatokea jambo ambalo wazazi walilisimulia kwa miezi. Mama wa yule msichana, mfagizi katika benki, alikuwa amechelewa, ndiyo kwanza anaingia getini na sare yake ya kazi. Akasikia umati unaita mama aje amchukue mtoto. Akadhani mwanawe ameumia. Akakimbia, mkoba umemning'inia kiwikoni, akakatiza katikati ya uwanja, akamshika binti yake mabega akimkagua magoti na kichwa. Turubai likavunjika mbavu. Mke wa mfamasia alianguka mabegani kwa Kinanda akisema, "Ameitika. Jamani, ameitika kweli." Mfagizi wa benki aliwatazama, akaelewa, akamwachia mwanawe, akarudi pembeni polepole. Mlingoti hakuzuia mpira mwingine siku ile.

Timu hizo mbili zikaja kukutana tena fainali. Siku ya kuamkia mchezo, jua bado liko juu, binti alikuwa uani anaanika sketi yake ya kuchezea. Mama alikuwa kwenye kigoda, anachambua mboga na kuimba kwa sauti ya puani, anajaribu ubeti mpya.

"Mama," binti akasema, "kesho usiimbe."

"Nisiimbe? Nikae kama niko msibani?"

"Ukae tu. Upige makofi, kama wazazi wengine."

"Wazazi wepi hao? Si ndio wanaoniitikia?"

Binti alibana sketi kwenye kamba, akapanga mikunjo yake mmoja mmoja. "Yule mnayemwita Mlingoti nilikutana naye dukani. Siku hizi anatembea amepinda mgongo. Kama bibi kizee, mama. Nikamsalimia, akajipinda zaidi. Anajua mimi ni mtoto wa nani."

"Sasa si heri? Akijipinda, wewe unafunga."

"Sitaki kufunga namna hiyo. Na nikifunga, darasani wanasema umefunga wewe. Mimi nina jina langu, lakini wao wananiita mtoto wa Kinanda." Aligeuka, na mama aliona kwamba alikuwa amejikaza kisabuni ili asilie. "Kesho nataka nicheze mimi. Nikishindwa, nishindwe mimi. Sijawahi kukuomba kitu, mama."

Ni kweli, hakuwahi. Alikuwa mtoto wa kuvaa viatu vya dada zake bila kununa. Kinanda aliona aibu, na aibu ile ilikuwa ya kweli. Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo.

"Haya, mwanangu. Mdomo nimeufunga."

"Apa."

"Naapa. Haki ya mama yangu aliye kaburini."

Kesho yake akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Mpira ulipoanza, vichwa vilimgeukia. Akapiga makofi ya adabu.

"Kinanda, koo linakuuma?" akauliza mke wa mfamasia.

"Leo napumzika."

"Kupumzika? Fainali?"

Uwanjani Mlingoti alikuwa amejikunja kama binti alivyosema, magoti yamelegea, shingo imezama mabegani. Kila mpira ulipomjia alitupa jicho kwenye turubai kwanza, akiungoja wimbo. Binti wa Kinanda alifunga, akafunga tena. Wimbo haukuja. Mlingoti akatupa jicho tena, na tena wimbo haukuja. Ikawa kama mtu anayeingia chumba chenye mbwa, akakuta mbwa hayupo. Akaanza kunyooka. Kwanza shingo, halafu mgongo, na kabla ya mapumziko alikuwa amesimama kwa urefu wake wote, mikono juu, anaipangua mipira ya binti wa Kinanda mmoja baada ya mwingine. Timu zikaenda mapumziko zikiwa sare.

Kinanda alishuka kumpelekea binti yake maji. Alitegemea kumkuta amenuna. Alimkuta ana jasho mpaka kopeni, macho yanang'aa.

"Umemwona, mama? Anaruka yule. Leo mpira mtamu." Akanywa, akamrudishia chupa, akamshika mkono kidogo kabla ya kukimbia. "Asante, mama."

Maneno hayo mawili yangemtosha mtu mwaka mzima. Kinanda alirudi nayo turubaini moyo umemjaa. Akakuta mkoba wa mke wa mfamasia uko juu ya kiti chake.

Alisimama mbele ya kiti akingoja uondolewe. Mke wa mfamasia alikuwa anaongea na jirani yake kuhusu pazia. Hakugeuka. Mama mmoja wa nyuma akasema, pasipo kumtaja mtu, "Wengine wakishazoea kubebwa wanajisahau. Tungejua hataimba tungemwalika mwingine." Mtu akacheka puani. Kinanda akaenda kusimama nyuma kabisa, juani, pale walipo watu waliokuja kumsindikiza mtu tu. Hakuna aliyemwita. Chumba cha kufulia kilikuwa kimemfuata mpaka pale, isipokuwa mvuke.

Kipindi cha pili Mlingoti alikuwa moto. Binti alitupa, ukapanguliwa. Akatupa, ukagonga chuma. Timu ya wageni ikapata bao la kuongoza, na kila binti alipojaribu kusawazisha, mkono mrefu ulikuwa umeshafika. Bado alikuwa anatabasamu, mtoto yule. Bado alikuwa anacheza. Lakini chini ya turubai hakuna aliyekuja kutazama mpira mtamu, walikuja kushinda, na hasira ilikuwa inatafuta pa kutua. Mke wa mfamasia akavua miwani, akaanzisha mwenyewe, kwa sauti yake ya bati:

*Mfungaji wetu, pete haioni,*
*Kila akitupa, waenda pembeni.*

"Kumwamsha tu," akawaambia wenzake huku anacheka. "Ni wetu, hatakasirika." Wakaupokea kwa makofi. Ulikuwa ubeti wa ovyo, usio na ufundi, na Kinanda, Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba haukuwa na ufundi.

Uwanjani binti aligeuza kichwa. Mpira ulikuwa mikononi mwake.

Ubeti ukaisha. Turubai likanyamaza, na vichwa vyote, mstari kwa mstari, vikageuka nyuma kumtafuta. Mke wa mfamasia akauinua mkoba wake kutoka kwenye kiti. Akakipigapiga kiti kwa kiganja, mara mbili, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto aliyesamehewa. "Njoo basi," akasema. "Tunakungoja wewe."

Ningependa kukuambia kwamba alikataa. Yeye mwenyewe angependa. Alikuwa na kiapo, alikuwa na mama yake kaburini, alikuwa na mwanawe aliyesimama na mpira akimtazama. Alichopaswa kufanya ni kusimama tu pale juani na kunyamaza, kazi aliyoifanya maisha yake yote bila kufundishwa. Lakini walikuwa wanamngoja. Watu wengi kiasi kile, wenye nguo nzuri, walikuwa wamenyamaza kwa ajili yake. Miguu ilianza kutembea kabla hajaiambia. Akafika kitini, akakaa, akavuta pumzi, na sauti ikatoka nene, nzuri, pengine nzuri kuliko siku zote:

*Mwiteni mama yake, aje amchukue,*
*Vyombo vya nyumbani ndivyo avijue.*

Turubai likalipuka. Mtu akampiga mgongoni. Kinanda alicheka pamoja nao, na alipotazama uwanjani binti alikuwa bado amesimama palepale, mpira kifuani, hatupi wala hatoi pasi. Mwamuzi akapuliza filimbi: mwenye mpira haruhusiwi kukaa nao. Binti hakusikia, ikabidi mwamuzi aje auchukue mikononi mwake. Mlingoti aliangalia turubai, akamwangalia binti, akaelewa ni mama wa nani aliyeimba. Akacheka. Alicheka kwa sauti, mgongo umenyooka, kichwa nyuma, na sioni nani angekuwa na uso wa kumlaumu.

Walifungwa. Tofauti haikuwa kubwa, na haina maana tena.

Baada ya filimbi ya mwisho, mashindano yale yana desturi yake. Wachezaji hupanga mstari, hupita mbele ya wazazi wa upande wa pili, humpa kila mmoja mkono na kusema hongereni. Ndiyo adabu ya mchezo, na mwalimu wa michezo huisimamia kuliko anavyosimamia mchezo wenyewe. Binti wa Kinanda alipita na wenzake upande wa wageni. Alimpa mkono mfagizi wa benki, akapiga goti kidogo. Mfagizi aliushika mkono ule kwa mikono miwili, akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia, na binti akatikisa kichwa.

Kinanda alikuwa amesimama na chupa ya maji na sweta, akitunga la kusema. Angesema ulikuwa utani. Angesema ni wao walioanza. Angesema, wewe mwenyewe unajua mama yako mdomo haukai. Aliona wasichana wengine wa timu wanakimbilia kwa mama zao, wengine wanalia, wanakumbatiwa. Binti yake hakukimbia. Alikuja chini ya turubai kwa mwendo uleule aliokuwa nao kwenye mstari, akaanzia mwanzo, akampa mkono mke wa mfamasia, akamsogelea wa pili, na wa pili alikuwa mama yake. Akanyoosha mkono. Kinanda akahamisha chupa akaushika. Ulikuwa wa baridi na umelowa.

"Hongereni," binti akasema, akapiga goti kidogo, akapita kwenda kwa mama aliyefuata.

Mke wa mfamasia alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa mstari. "Kinanda," akasema, anavaa miwani yake, "una mtoto ana adabu."

"Asante," Kinanda akajibu.